Meja Patrisi Tluway na Nafasi ya Mtu Mmoja

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Meja Patrisi Tluway anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane: ishirini na minane jeshini, na kumi akiwa rubani katika kituo chetu cha helikopta hapa Karatu. Benedicta wa ofisini ameniomba niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha, usomwe wageni wakisubiri pilau. Nimejitahidi. Sehemu ya kwanza imekubali.

Meja alizaliwa Dongobesh, Mbulu, nyumba ya wakulima wa mahindi na maharage. Akiwa darasa la sita, helikopta ya serikali ilizidiwa na ukungu ikatua kwenye uwanja wa shule yao. Mwalimu aliamuru watoto wote warudi darasani. Patrisi alibaki akiikodolea macho mpaka ilipoondoka, akala viboko vinne. Hadi leo anasema vilikuwa halali yake, na kwamba angekula hata vinane.

Sote hapa tunamjua kwa jina la Meja Mizani. Alinunua mizani ya magunia sokoni Karatu, ile wanayopimia maharage, na hakuna abiria anayepanda bila kupimwa, awe mtalii, padri au mkubwa wa serikali. Mama mmoja mtalii alinuna safari nzima, kutoka hapa mpaka tulipomaliza kuzunguka kreta. Meja akishapima watu, anakwenda mwenyewe nyuma, anafungua sehemu ya mizigo na kuingiza kichwa. Anafunga. Anarudi kufungua tena. Mara ya tatu anapapasa kwa mkono mpaka pembeni. Vijana wa kituo wamekuwa wakimwigiza kwenye sherehe za Krismasi, naye hucheka pamoja nao.

Mwaka ule mvua zilipokata barabara ya Loliondo, aliitwa Digodigo kumchukua Soila, mama aliyekuwa na siku mbili za uchungu. Mumewe, mzee Moloimet, alitaka kupanda na rungu, sime na fimbo zake mbili. Meja akamwambia kila kitu kinapimwa. Mzee akajibu kuwa fimbo ya mwanamume haina uzito, wakabishana huku mapanga ya helikopta yakizunguka, na fimbo zikabaki kwa muuguzi wa zahanati. Mtoto alizaliwa dakika tano baada ya kutua. Wa kike, lakini mzee alikuwa ameshaahidi jina, kwa hiyo sasa kuna Patrisia anayesoma darasa la pili.

Halafu kuna mafuriko ya Baray. Vibarua wa mashamba ya vitunguu, wengi wao kutoka Singida na Dodoma, walikuwa juu ya mabati, na Meja aliwahamisha kwa safari tisa. Safari ya tisa mizani ilikataa mtu mmoja. Meja hakufikiri. Alinishusha mimi, akampakia yule kibarua, na mimi nikakaa juu ya bati na kuku watatu kwa saa mbili mpaka aliponirudia. Nimetaniwa sana kwa ajili ya kuku wale, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini sikulalamika.

Sasa nishani yake ya jeshi.

Novemba 2013 tulikuwa kwenye ujumbe wa kulinda amani katika nchi jirani, Meja akiwa rubani nami fundi wake na mpakiaji. Kikosi cha doria kilivamiwa mlimani. Majeruhi kumi na mmoja walijibanza kwenye uwazi mdogo katikati ya msitu. Kambini waliamua helikopta isubiri mpaka risasi zitulie. Meja alisema risasi zikitulia, majeruhi nao watakuwa wametulia, akawasha. Tulitua risasi zikigonga ubavuni kama kokoto kwenye debe. Tukapakia wote kumi na mmoja.

Helikopta ilinyanyuka kimo cha meza, ikatetemeka, ikashuka. Akajaribu tena, ikashuka tena. Juu kule hewa ni nyepesi, na jua likiwaka helikopta hubeba pungufu. Hilo kila rubani analijua. Meja aligeuka akasema mtu mmoja ashuke. Mimi nilikuwa nimeziba shingo ya askari kwa mikono miwili, na ningeiachia angekufa pale pale. Koplo Noel, kijana wa Rhotia aliyekuwa na jeraha la mguu tu, alishuka kabla hajatajwa. Alimwambia Meja maneno machache kwa Kiiraqw. Meja akamwahidi dakika arobaini. Safari hii helikopta ilipanda.

Kambini, tulipomaliza kushusha majeruhi kumi, nilikunja turubai la nyuma ili nioshe damu. Chini yake palikuwa na masanduku matatu ya risasi. Yalitakiwa kushushwa asubuhi, na kazi ya kuyashusha ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshasaini fomu kwamba nyuma ni patupu, kwa sababu chai ilikuwa inapoa, nikapanga nikimaliza kunywa nitayashusha. Kengele ya hatari ililia nikiwa na kikombe mkononi. Masanduku yale matatu yalikuwa mazito kuliko Noel.

Nilimwita Meja, nikamwonyesha. Aliyatazama, akaniambia tuyashushe haraka turudi. Tulirudi ndani ya dakika thelathini na nane. Tulikuta bendeji na majani yaliyolaliwa. Noel hajaonekana mpaka leo.

Kwenye ripoti Meja aliandika kuwa uzito ulizidi. Hakuandika uzito wa nini. Mwaka uliofuata alivishwa nishani ya ushujaa kwa kuwaokoa askari kumi chini ya risasi, na ushujaa huo nauapia, niliuona kwa macho yangu. Alisimama gwaride zima kama mtu anayesomewa hukumu. Mimi nilikuwa safu ya tatu, nikipiga makofi.

Alipoacha jeshi hakwenda kwao Dongobesh. Alipanga nyumba hapa Karatu ili awe karibu na Rhotia, anakoishi Mama Selestina, mama yake Noel. Meja ndiye aliyempelekea habari za mwanawe, akiwa na sare. Mama alimuuliza kitu kimoja: mwanawe alikuwa mzito kiasi gani hata ndege ya jeshi ikashindwa. Meja hakujibu. Tangu hapo kila Novemba anakwenda misa ya kumkumbuka Noel, anakaa benchi la nyuma, na watu wakitoka anamsubiri Mama Selestina mlangoni na kumwamkia. Miaka kumi mama amempita bila kuitikia. Rhotia nzima imesikia kwamba Meja alibeba wageni akamwacha mtoto wa nyumbani. Mara tatu nilimwomba ruhusa nikaseme ukweli. Mara tatu alinikatalia.

Mwezi huu nilishindwa kuvumilia. Niliona si haki aondoke na jina lile baya. Nikachukua bodaboda mpaka Rhotia, nikamkuta Mama Selestina anachagua maharage ya mbegu kwenye ungo. Nilimweleza yote, mpaka chai. Aliendelea kuchagua kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo Noel alikuwa anatosha," akasema.

Nikamwambia ndiyo, alikuwa anatosha.

Akaweka ungo chini. Akasema miaka yote hii amemlaani Meja kwa kuchagua, lakini kuna kitu kimoja kilikuwa kinamsaidia kulala: kwamba ilikuwa lazima mmoja abaki, na mwanawe alikubali kuwa yeye. Sasa nimemwambia haikuwa lazima abaki yeyote. Hakunifukuza. Aliniambia nikaandike hivyo hivyo kwenye sherehe yetu, asije akasikia watu wamesomewa kuwa nafasi haikuwepo.

Nilipomweleza Meja, alikuwa anafuta kioo cha helikopta. Hakugombeza. Aliniuliza, "Nikolaus, ulidhani nilinyamaza kwa ajili yako?"

Ndiyo, nilidhani hivyo. Kwa miaka kumi na zaidi nilidhani mtu yule ananilinda mimi, na nilimpenda kwa hilo. Kumbe alikuwa anamlinda mama. Aliona heri achukiwe kila Novemba kuliko yule mama ajue kuwa mtoto wake aliachwa kwa sababu ya kikombe cha chai.

Jumapili iliyopita nilikwenda naye Rhotia kuaga. Baada ya misa alisimama mlangoni kama kawaida yake, akamwamkia. Mama Selestina alisimama. Akaitikia, kwa sauti, watu wote wakasikia, akamshika mkono na kumwita mwanangu. Kisha akamwomba asije tena, kwa sababu kila akimwona sasa ataiona ile nafasi. Meja akasema, "Sawa, mama." Tulirudi Karatu, na pale kwenye mteremko wa kuingia mjini alinipa usukani kwa sababu alikuwa haoni barabara.

Benedicta amesoma ukurasa huu, umekuwa mrefu kuliko alivyoagiza, na hakukata neno. Kwa niaba ya wafanyakazi wote nakushukuru, Meja: kwa askari kumi wanaolea watoto wao, kwa Soila na Patrisia, kwa vibarua wa Baray, kwa kutupima sote bila kuogopa cheo. Tunakuombea afya, mvua ya wakati, na shamba la Dongobesh likupe chakula na la kuuza.

Langu mwenyewe ni hili. Nilitaka nikuage kwa kukurudishia jina lako. Jina umelipata, na mama nimemuumiza tena, na Novemba hii hutakuwa na pa kwenda. Kama utataka mtu wa kukaa naye siku hiyo, nitakuja Dongobesh. Kama hutataka, nitaelewa.

Nikolaus Gwandu
Fundi wa helikopta