Perpetua Magsino, Jaji Aliyepanda Jukwaani

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, wali utasubiri. Leo tunamkumbuka Perpetua Magsino wa Quezon City, mhariri wa filamu na jaji mkuu wa Tuzo za Waling-waling, zile zinazotolewa kila mwaka kwa filamu zetu za Kifilipino. Perpetua ametutoka Jumapili.

Alianza kazi enzi filamu zikikatwa kwa mkasi, na ulimi wake nao ulikata. "Filamu yako nzuri," alimwambia mwongozaji mmoja, "ila imegoma kuisha."

Mwaka mmoja mtoto wake wa ubatizo, Jerico Landicho, aligombea tuzo ya mwigizaji bora. Mama wa Jerico, Estrelita, alikuwa shoga wa Perpetua tangu utotoni. Ubatizo ukawafanya ndugu, wakawa wanaitana Mare. Lakini kura za majaji zilikwenda kwa mzee Telesforo Gumban wa Iloilo. Perpetua alilijua hilo, akafunga mdomo.

Ukumbi ulijaa mashabiki wa Jerico, wakilipigia kelele jina lake. Msoma matokeo akafungua bahasha, akababaika, akataja jina lililojaa masikioni mwake: Jerico Landicho. Kijana akapanda, akalia. Mzee Telesforo akapiga makofi kama wengine.

Binti wa Perpetua, Milagring, alikaa kando ya mama yake. Anasimulia: "Mama akaanza kuinuka. Mama Jerico akamvuta gauni. 'Mare, kaa chini. Mtoto keshalia mbele ya nchi nzima.' Mama akamjibu, 'Ndiyo maana nasimama sasa, Mare. Leo ni kosa, kesho utakuwa wizi.'"

Akapanda. Akasema mshindi ni Telesforo Gumban. Wasikilizaji, alizomewa. Chupa ya maji ilimpita sikioni. Jerico akamkabidhi mzee tuzo, akashuka bila kumtazama mama yake wa ubatizo.

Estrelita hakumsemesha tena. Krismasi zikaja, zikapita. Mwaka jana Jerico alishinda tuzo ileile, kihalali. Perpetua, mgonjwa kitandani, alitazama kwenye runinga, simu kifuani. Haikulia.

Juzi Estrelita aliingia msibani. Watu wakaacha karata zao za kukeshea msiba, wakampisha. Akaliinamia jeneza. Milagring alimsikia: "Mare, safari hii hakuna aliyeuliza kama tuzo ni yake kweli. Hata mmoja. Nilitaka kukupigia. Nikaona aibu, nikasema kesho."

Tunawapa pole Milagring na ukoo wote wa Magsino. Mungu amlaze Perpetua mahali pema. Na wewe unayenisikiliza, yupo mtu umemnunia. Mfikirie, kisha mpigie leo.

Estrelita bado yuko pale kando ya jeneza. Wanamwambia akale, anasema hajamaliza kuongea.