Bi Mashuka, Mtandika Vitanda wa Hoteli ya Stendi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye huenda umelalia shuka alizotandika na usimjue hata kwa sura. Wasafiri walimwita Bi Mashuka. Alifariki Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri, nyumbani kwa binti yake. Alikuwa na miaka sitini na sita.

Bi Mashuka alitandika vitanda katika hoteli ya ghorofa tatu, mkabala na stendi ya mabasi. Miaka ishirini na minane. Narudia, miaka ishirini na minane, ngazi zile zile. Haikuwa hoteli ya fahari. Maji ya moto yalikuja yakijisikia. Hata hivyo, watu walizipita hoteli zenye lifti wakaja pale.

Kwa nini? Msikilizeni muuza vitambaa mmoja. Kila mwezi alifikia pale na mumewe. Mume akafariki, akaja peke yake. Bi Mashuka akamkuta amesimama mbele ya kitanda chenye mito miwili.

"Hakunipa pole," anasema mama huyo. "Aliniuliza tu, 'Huu wa pili niutoe au niuache?' Nikamwambia auache. Hata wanangu hawakuwahi kuniuliza swali kama hilo."

Ndivyo alivyokuwa. Mgeni mwenye goti bovu, Bi Mashuka alimwombea chumba cha chini kabla mgeni mwenyewe hajafungua mdomo. Mwenye mafua alikuta blanketi la pili. Ukifika pale, unajua kuna mtu aliyekuwa anakutarajia.

Lakini wahenga walisema, kinyozi hajinyoi.

Bi Mashuka alikuwa na binti mmoja, mshonaji. Binti huyo alilelewa zaidi na shangazi yake, kwa sababu sikukuu zilipofika ndipo hoteli ilipojaa. Alikua na kinyongo. "Mama alijua mgeni gani anapenda mto mgumu," anasema. "Mimi nikilala na taa au bila taa, hakujua."

Mwaka jana hoteli iliuzwa. Mmiliki mpya alitaka vijana. Bi Mashuka akahamia kwa binti yake na begi moja, na lile begi hakulipakua. Alilisimamisha nyuma ya mlango, akawa anatoa nguo moja moja. Alikaa ukingoni mwa kochi. Aliomba ruhusa kuchota maji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mwezi wa sita ulifika, bado anaona haya kushika ufagio.

Asubuhi moja binti alimkuta anafuta kikombe alichonywea, anakirudisha palepale alipokitoa, kama mtu asiyetaka kuacha alama. Yakamshinda.

"Mama, watu baki umewafanya wajisikie nyumbani miaka yote. Mimi je?"

Bi Mashuka akasema, "Mgeni ukimkosea, anaondoka, na kazi inaondoka naye. Wewe nilijua huondoki. Ndiyo maana nikakupa makombo, mwanangu. Nilikosea. Na sasa naona haya kula chako."

Binti aliingia chumbani, akafungua begi, akapanga nguo kabatini, moja baada ya nyingine. Kisha akatandika kitanda. Mama yake akasimama mlangoni akitazama.

"Kona hiyo umeikunja kama sambusa," akasema.

Wakacheka. Binti anasema hakumbuki kama waliwahi kucheka pamoja kabla ya hapo.

Wiki ya tatu baada ya siku hiyo, moyo wa Bi Mashuka ulisimama akiwa amejilaza kwenye kochi, miguu juu, viatu vimetupwa huko. Binti alikuwa kwenye cherehani, chumba hicho hicho, akidhani mama amesinzia. Akapunguza mwendo wa cherehani asimwamshe.

"Wiki tatu," anasema. "Katika umri wangu wote, nimekuwa na mama wiki tatu."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole binti huyo, shangazi, na wafanyakazi wenzake wa hoteli ile. Mungu amlaze Bi Mashuka mahali pema. Nasi tulio hai, tunajua kuwachangamkia wapita njia. Hebu leo tumtazame yule tunayeishi naye, yule tunayeamini hataondoka. Huenda naye amekaa ukingoni mwa kochi.