Barnaba Nsavyimana, Mrushaji Aliyeuficha Mpira Mgongoni

Ndugu, jirani na marafiki mliokuja kutufuta machozi, tunawasomea safari ya mpendwa wetu Barnaba Nsavyimana, aliyezaliwa Bujumbura tarehe 11 Machi 1978, mtoto wa pekee wa Mama Georgina, akafika naye Brussels mwaka 1994 kama mkimbizi.

Alimaliza sekondari Uccle, mtaa wa Brussels, mwaka 1998, ambako mwalimu wa michezo alimfundisha besiboli, na mwaka 2001 klabu moja ya Uholanzi ikamwajiri kuwa mrushaji, yule anayesimama katikati ya uwanja akimtupia mpira mwenye gongo. Mama Georgina alizoea kusema kwamba Bujumbura mwanawe alichapwa kwa kuvunja vioo vya watu, huku Wazungu wanamlipa kwa kosa lile lile.

Tarehe 8 Julai 2000 alifunga ndoa na Frida, wakajaliwa binti mmoja, Bahati, mwaka uliofuata.

Kwa desturi ya mchezo huo, mrushaji hatoki mpaka kocha amwendee na kunyoosha mkono, naye amkabidhi mpira, lakini Barnaba aliuficha mgongoni kama mtoto mwenye andazi, akiomba amrushie mtu mmoja tu wa mwisho.

Mwaka 2015 bega la kulia lilianza kumuuma, akaliwekea barafu kama warushaji wote, akanyamaza, maana anayelalamika hukalishwa benchi, mpaka Lucien, mdakaji aliyeipokea mipira yake kwa miaka mingi, alipomwambia, mpira unafika, ndugu yangu, ila wewe hufiki nao, akamkokota hadi hospitali ya Jette, hapo Brussels. Ilikuwa saratani ya mfupa. Madaktari walishauri mkono ukatwe, Frida akalia, Bahati akapiga magoti, naye akajibu, niacheni nimalize msimu huu tu. Alipokubali, Februari 2016, mkono ukakatwa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia mapafuni.

Bahati alisimamisha masomo ili amfungie vifungo na kumkatia chakula, hakumlaumu kwa mdomo, ingawa moyoni hasira haikuisha. Asubuhi ya tarehe 4 Mei 2017, kabla ya kukata roho, Barnaba alitoa mpira wake chini ya mto kwa mkono wa kushoto, akauweka kiganjani mwa Bahati, pasipo mtu kumnyooshea mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Jette, majirani waliotuletea chakula, wachezaji wenzake, na Lucien, aliyemnyoa ndevu kila Jumapili.

Pumzika kwa amani, Baba Bahati, mpira tumeupokea.