Risala ya Kumwombea Mwalimu Ormerod na Tamathali Zake

Mgeni rasmi na mwenyekiti wa bodi, Bibi Winifred Loxley, mkuu wa shule, walimu wetu, na mpishi wetu, ambaye tutamtaja tena kwa heshima:

UKARIBISHO
Sisi wanafunzi wa Kidato cha Tatu, Shule ya Scarrowby, tunakukaribisha kwa furaha ya kiasi. Tungependa kusema furaha yetu imefurika hadi bondeni, ila tangu Januari tumepigwa marufuku kutumia tamathali za semi. Tunajua bodi inakutana leo saa tisa, na ajenda ya kwanza ni kumwachisha kazi Mwalimu Ormerod, anayetufundisha Kiingereza.

HISTORIA
Hapa kwetu kila Jumapili, baada ya kanisa, huandikwa barua za nyumbani. Kwa miaka mingi zilisema mambo mawili: mvua inanyesha, na tuleteeni keki. Mwalimu Ormerod akaagiza kila barua iwe na tashbihi, sitiari na mubalagha, yaani kutia chumvi. Mwanafunzi mmoja akaandika kwamba uji wa shule umeua wenzake watatu, na kwamba yeye anaandika akiwa ndani ya jeneza.

Jumatano asubuhi babu yake aliingia bwaloni na mablanketi manne na daktari wa mifugo, maana daktari wa watu alikuwa safarini. Akamkuta mjukuu kwenye bakuli la pili.

"We! Mbona unakula?"

"Babu, ile ilikuwa mubalagha tu."

Babu akamgeukia daktari. "Huo ugonjwa unaambukiza?"

"Kwa kondoo sijawahi kuuona, mzee."

Mpishi alilia. Hilo halikuchekesha, na tulimwomba radhi.

MAFANIKIO
Mama yake Tamsin Airey anafanya kazi kwenye mtambo wa mafuta baharini. Alikuwa akiwasomea wenzake barua za bintiye wakati wa chai. Wakamwandikia Tamsin kuuliza kama ule ukungu unaoingia darasani bila kubisha hodi umeshaadhibiwa.

CHANGAMOTO
Tangu marufuku iliyofuata ziara ya babu, Tamsin huandika: "Mama, nipo. Nimekula. Kuna ukungu." Mama yake amepiga simu ofisini mara tatu kuuliza mwanawe amepatwa na nini. Wazazi wengine tisa wamepiga pia.

OMBI
Mwalimu Ormerod anatuhumiwa kutotusimamia. Hapa tunaomba ruhusa risala iache "sisi" kwa muda mfupi.

Mwanafunzi wa jeneza ni mimi ninayesoma, Barnaby Thwaite. Mwalimu aliiona rasimu yangu Jumamosi. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: "Jeneza linachekesha, lakini babu yako ataamini. Futa. Na umwache mpishi." Sikufuta. Rasimu nikaificha chini ya godoro wiki sita, nikamwacha alaumiwe yeye. Sasa imebanwa nyuma ya risala hii. Ina doa la uji.

Wenzangu wameisoma aya hiyo na kukubali ibaki. Adhabu nitaipokea. Tunachoomba ni Mwalimu Ormerod arudi darasani Jumatatu, na tutaandika barua zetu upya, tukifuta anachosema tufute. Babu yangu yupo mstari wa nyuma, tayari kuieleza bodi. Safari hii amekuja bila daktari.

Mungu akujalie kikao kifupi, kiti cha karibu na moto, na moyo mwepesi ifikapo saa tisa.

Ni sisi, wanafunzi wa Kidato cha Tatu, Scarrowby. Tupo. Tumekula. Kuna ukungu.