Jogoo wa Pili wa Edinah

Mgeni rasmi, meneja wetu wa benki uliyetoka Kitale asubuhi hii, karibu Kachibora. Tumefurahi umekuja, ingawa furaha yetu leo ina woga ndani yake.

TULIKOTOKA
Benki yako ilipotaka dhamana ndipo itukopeshe pesa za mbolea, wengi wetu tulitazama viatu vyetu. Mwenyekiti wetu, Edinah Nasimiyu, huyu hapa mbele yako, mzaliwa wa Sirisia na mjane wa marehemu Khaemba, aliingia nyumbani akatoka na hati ya shamba lake. "Chukueni," akasema. "Si tutalipa pamoja?"

MAFANIKIO
Tulilipa pamoja, msimu baada ya msimu. Hilo tunajivunia.

KILICHOTUPATA
Mwaka jana, 2008, mbolea ilipanda bei mpaka tukashika vichwa, na mvua nayo ikatuhepa. Redioni tukasikia ati benki kubwa za ng'ambo zinaanguka. Tukacheka: za huko na mahindi yetu, wapi na wapi? Tukashindwa kulipa.

Halafu benki ikapiga simu, itatuma mtu kuona shamba. Edinah alifurahi mno. Binti yake Joan huchuma maua katika kampuni ile kubwa ya jirani, yenye deni kubwa kuliko letu, ambayo wanunuzi wake wa Ulaya walikuwa wameikimbia. Joan alikuwa amemsimulia jinsi wewe mwenyewe ulivyofika huko, mkanywa chai, kampuni ikaongezwa muda na kupunguziwa riba. Edinah akajua zamu yetu imefika.

Basi yule bwana alipokuja, tulimpokea kwa nyimbo. Edinah akachinja jogoo, akampakulia firigisi, kama kwao anavyopewa mgeni wa heshima. Kisha akamtembeza mpaka kwa mpaka, akamwonyesha kisima, akamwonyesha hata kaburi la mumewe. "Udongo wa hapa ni mzuri, baba. Andika." Akaandika.

Alinawa mikono, akashukuru kwa chakula, akaenda kubandika tangazo langoni: shamba litapigwa mnada Ijumaa hii. Kumbe ni dalali! Loo, mgeni rasmi, tulishtuka, na mpaka sasa mshtuko haujatutoka. Sisi ndio tuliomwimbia. Edinah alisimama pale na sahani mkononi. "Ati nini? Si amekula kwangu?"

OMBI LETU
Deni hatulikatai. Kampuni ya maua hatuionei kijicho, maana Joan anapata riziki huko. Tunaomba tu uketi na sisi kama ulivyoketi na wao: simamisha mnada wa Ijumaa, utupe muda tuvune tulipe. Edinah akitolewa hapa, ni sisi tutakuwa tumemtoa.

Mgeni rasmi, harufu inayotoka jikoni ni ya jogoo wake wa pili, na ndiye wa mwisho. Tulimsihi asichinje tena. Akatukemea, "Mgeni ni mgeni, bana." Lakini alipokuwa akimnyonyoa alituuliza jambo, nasi tunakuletea wewe: "Na huyu wa leo, amekuja kula nasi, ama amekuja kuona shamba?"

Mungu akubariki, aibariki nyumba yako, na nyumba ya Edinah aiache pale ilipo.

Imesomwa na katibu, Zachary Thuo, kwa niaba yetu sote,
Kikundi cha Wakulima cha Simama Pamoja, Kachibora.