Saa Kumi ya Nani

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2006, Lambert Kalonji alitandaza ramani ya Japani juu ya benchi lililo mbele ya duka la Darshan, karibu na soko la Walthamstow, akaibana kwa vikombe vinne vya kahawa ili upepo usiibebe. Taksi ya kumpeleka uwanja wa ndege yeye na mkewe Josée ilikuwa ije saa tano na nusu. Binti yao Miradie anafundisha Kiingereza Japani na amechumbiwa huko. Bibi wa mchumba, mwenye miaka tisini na moja, anaishi kwenye bonde la milimani, na siku ya Jumanne anaingia hospitali kwa upasuaji. Ametaka jambo moja: kabla hajaingia, awaone wazazi wa bi harusi nyumbani kwake. Bila neno la bibi, harusi haitangazwi. Lambert amepewa likizo ya siku nne. Ukitoa za kusafiri, inabaki moja, Jumatatu, na siku hiyo ataendesha gari la kukodi kutoka hotelini hadi kwa bibi.

Mpango wa safari uliandikwa na rafiki yake Himid. Sisi wa benchi hili la kahawa tunamwita Rubani, kwa sababu hajapanda ndege tangu ashuke kutoka Zanzibar mwaka 1991. Mahali pa kwanza kusimama ni hekalu. Pa pili, daraja la mbao. Pa tatu, shamba la wageni kuchuma matunda. Pa nne, chakula cha mchana kando ya mto. Kila kimoja kilikuwa na saa yake.

Himid: Mnatoka hotelini saa mbili, mnapumua, mnatazama mpunga unavunwa. Saa tisa mko kwenye kizuizi cha barabara ya juu. Barabara inafungwa saa kumi. Una saa nzima mkononi, bwana wee.

Lambert: Na kama tukipotea?

Himid: Utapoteaje? Wanaendesha kushoto kama hapa. Wewe kila siku unaendesha gari la nguo za hospitali Edmonton, kuna mlima gani utakushinda?

Lambert: Edmonton hakuna mlima, Rubani.

Hilo lilikuwa kweli. Lambert hakucheka. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, umeshika kibali cha kimataifa cha udereva. Alikuwa amekitoa na kukirudisha mara tatu tangu aketi.

Himid: Haya, nikuulize. Pembetatu nyekundu, kichwa chini?

Lambert: Simama.

Himid: Sio punguza?

Lambert: Kule ni simama kabisa. Wiki mbili minasoma hiyo alama tu.

Darshan alitoka dukani na chupa ya kahawa. Kwao ni Kisumu. Tunamwita Satelaiti, kwa sababu televisheni ya dukani haizimwi na kila anachokisema amekiona humo.

Darshan: Wacheni ramani. Mimi nakwambia, Bwana Lambert, huko gari lenyewe lina mashine. Hauandiki jina la mtaa. Unaandika namba ya simu ya nyumba, basi, linakupeleka mpaka mlangoni.

Himid: Haa! Namba ya simu? Na mtu akiwa hayupo nyumbani?

Darshan: Kwani linapiga simu? Linatafuta nyumba!

Himid: Basi nikiandika namba ya mke wangu wa zamani litanipeleka?

Darshan: Litakataa. Lina akili.

Lambert: Ni kweli. Miradie alinipa namba ya nyumba ya bibi kwa sababu hiyo.

Himid hakupenda kushindwa na Darshan kwenye safari aliyoipanga yeye. Akavuta kiti.

Himid: Sawa. Lakini mashine haitakwambia habari za dubu. Oktoba dubu wanashuka kutafuta chakula. Watu wa milimani wanatembea na kengele. Wewe ufunge kengele mbele ya gari.

Darshan: Kengele kwa gari? Honi je?

Himid: Dubu wa kule wamezoea honi, Satelaiti. Kengele ndiyo wanaiheshimu.

Darshan: Basi na mimi nimeona katikati ya mpunga, hakuna nyumba, hakuna mtu, kuna mashine inauza kahawa ya moto. Inawaka taa. Ukichukua kopo inakushukuru.

Himid: Inamshukuru na dubu?

Lambert: Nyamazeni kidogo. Jamani, nyamazeni. Mi nilikosa kumzika baba yangu kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Mama ya Josée vilevile. Ndugu wakikutana, sisi tunatumiwa picha. Hii moja sitaki picha.

Himid alimmiminia kahawa, na chupa ikakoroma. Ilikuwa ya mwisho.

Saa tano na dakika kumi na mbili Josée alitokea kona ya mtaa akivuta sanduku. Alikuwa ametoka kazini alfajiri, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi ya kuwahudumia, na hakuwa amelala. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona mpango. Aliusoma akiwa amesimama. Kisha akaichukua bahasha iliyobanwa pamoja nao.

Bahasha hiyo ndiyo iliyobeba ujumbe wa Miradie. Alhamisi Miradie alipiga simu kwa wazazi wake, hakuna aliyekuwepo. Akampigia Himid, kwa kuwa mke wa sasa wa Himid, Mwanamwema, ndiye aliyekuwa akimlea mchana tangu alipokuwa na miaka minane. Himid aliandika nyuma ya bahasha: "Mwambie baba mlima umeporomoka, barabara ya juu inafungwa saa kumi. Asichelewe."

Josée: Papa Miradie, mume wangu, hapa kwenye mpango wameandika kizuizi saa tisa alasiri. Nani alisema alasiri?

Himid: Saa kumi ni alasiri, shemeji. Itakuwa alfajiri?

Josée: Kwenu. Kwetu Lubumbashi saa kumi ni pale mshale unasimama kwenye kumi, saa nne yenu. Asubuhi. Sasa mtoto alisema saa kumi ya nani?

Himid: Alisema na mimi. Na akisema nami husema Kiunguja.

Josée: Alikwambia umwambie baba yake.

Himid: Ndiyo.

Josée: Basi maneno yalikuwa yako ao ya baba yake?

Himid aliitazama bahasha kama imeandikwa na mtu mwingine.

Lambert alipiga simu ya Miradie. Haikupatikana; alikuwa amesema bondeni hakuna mtandao. Ikabaki namba ya mashine ya gari, ile ya nyumba ya bibi. Darshan alileta kadi ya simu kutoka dukani, akaikwangua kwa ufunguo. Lambert alibonyeza tarakimu zote akinong'ona, akaweka sauti ya juu tusikie. Ililia mara tisa. Sauti ya mwanamke mzee ikasema: "Moshi moshi?"

Himid: Moshi? Mungu wangu, nyumba inaungua!

Darshan: Ni haloo yao! Nyamaza wewe!

Lambert alivua kofia.

Lambert: Shikamoo, mama. Mi ni baba ya Miradie. Miradie.

Sauti: Miradi-san? Hai. Hai, hai.

Kisha yakaja maneno mengi, taratibu, kwa Kijapani. Lambert aliinama karibu na simu. Josée alishika bega lake. Hapakuwa na neno tulilolijua. Lambert alinyanyua vidole kumi mbele ya simu, kama vile mtu wa upande wa pili angeviona. Kadi ikaisha, simu ikakatika.

Himid: Amesema yu hai.

Darshan: Hai maana yake ndiyo.

Himid: Hata hivyo.

Taksi ilipiga honi saa tano na nusu kamili. Lambert alichukua kalamu ya Darshan. Alifuta hekalu. Alifuta daraja la mbao, shamba la matunda, chakula kando ya mto. Himid hakupinga hata kimoja. Juu, palipoandikwa kuondoka saa mbili, Lambert alifuta na kuandika saa kumi na moja.

Josée: Andika namba. Ile ya kwenye saa.

Akaandika 5:00.

Himid: Nisamehe, Lambert.

Lambert: Uliandika alichosema. Hukukosea neno.

Himid alibeba sanduku mwenyewe mpaka kwenye taksi. Lambert aliikunja ramani, akaiacha kwenye benchi. Alichukua bahasha.

Taksi iliondoka saa tano na dakika thelathini na nane. Saa ya mkononi ya Josée ilisema 11:38.