Jiwe la Mzee Aliyeinama

Sogeeni, wanangu. In-seop, acha kunipimapima homa. Bok-sun, ninyanyue kichwa kidogo. Nasikia fundi amekwisha kuchonga jiwe la kaburi langu: "Mzee wa kanisa ambaye hakuinama." Aka! Lirudisheni.

Niliinama. Wajapani walipokuwa wakitutawala, wakatuamuru tusujudu kwenye hekalu lao pale kilimani, wakubwa wetu wa kanisa walisema hiyo ni heshima kwa serikali tu, si ibada, nami nikayadaka maneno yale kwa mikono miwili, nikapanda ngazi, nikainama, huku najua fika ninayemkana ni nani. Rafiki yangu Ma Seok-jun alisimama wima. Wakamfunga miaka sita.

Alipotoka nilijificha uani, jamani, mtu mzima mimi, nyuma ya mitungi ya kimchi, ile kabichi ya kuchachusha. Akaita mlangoni, "We Deok-ho! Toka bwana, njaa inaniuma, uji upo?" Nikatoka nalia, nikamwambia sistahili hata kumwekea bakuli. Akacheka, akanyoosha miguu iliyoliwa na baridi ya gerezani. "Kama vidole ndivyo vinavyookoa, mimi vimenibaki vinne tu. Mle ndani nimemlaani Mungu mara ngapi, unajua wewe? Wote tumebebwa, ndugu yangu. Lete uji." Sijaona mtu mwenye moyo kama ule.

Jumapili tukaingia kanisani tumeshikana mikono, watu wakadhani nami sikuinama. Wakanipa uzee wa kanisa, nikanyamaza. Seok-jun hakunisema mpaka tunamzika, kila nilipomuuliza kwa nini hawaambii watu, alijibu, "Hilo ni lako kulisema." Miaka thelathini na tano nimevaa sifa yake.

Nini, In-seop? Watu watasemaje? Watasema kweli, mwanangu, kwa mara ya kwanza. Na wewe nimekulea kwa uongo huo. Kila ulipokosea nilikukazia macho kama mtu asiyewahi kukosea, ukawa unajichukia mbele yangu. Nisamehe, baba.

Maji... asante. Nizikeni karibu na Seok-jun, miguuni pake, wala msinisifu makaburini. Neema iliyonibeba mimi... iwabebe na nyie, na watoto wenu, siku mtakapoanguka. Maana mtaanguka. Bok-sun, nipe mkono.

In-seop, usilie. Shika kalamu... andika nikiona. "Aliinama. Akasamehewa." Basi. Usiongeze... hata neno.